Mhariri wa miaka 21

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea karibu wiki tatu, na wapo walionisimamisha kafteria wakiniuliza kama nimedisco. Sijadisco. Nilibanwa na mambo mawili kwa mpigo, na yote mawili yakaja kukutana kwa mtu mmoja ambaye mwezi uliopita nilikuwa hata jina lake silijui: Mnaijeria, marehemu Anthony Enahoro. Vuteni kimbweta mkae, maana nisipolitoa hili rohoni sitapiga msuli wa mitihani.

Tuanze na la darasani. Mwalimu wetu wa historia alipitisha kofia yenye vikaratasi, kila mtu achukue jina la mwanasiasa mmoja wa Afrika akamsome, halafu aje asimulie semina nzima kwa dakika ishirini. Jirani yangu akaokota Lumumba. Dada mmoja wa mbele akaokota Nkrumah, akashangilia kabisa, maana desa la Nkrumah limejaa tele steshenari. Mimi nikafungua changu: Enahoro. Nikajaribu kubadilishana na mwenye Lumumba, akanicheka mbele za watu.

La pili mnalijua nusu. Mnajua kile kajarida chetu cha kurasa nne tunachouza shilingi 200. Mimi ndiye mhariri, cheo ambacho kazi yake kubwa ni kubembeleza watu walete makala na kubishana na kaka wa steshenari kuhusu wino. Toleo lililokuwa linaandaliwa lilikuwa na habari ya michango ya basi la msiba. Mnakumbuka muhula uliopita mwenzetu alipofiwa na baba yake, tukachanga kukodi Kosta la kwenda Morogoro. Zilichangwa shilingi 412,000, daftari lipo. Kosta lilikodiwa kwa 300,000, risiti ipo. Zilizobaki 112,000 hazikuwahi kusomewa mtu yeyote. Aliyesimamia mambo hayo katika serikali ya wanafunzi sasa anagombea urais wake, na huyo mtu, jamani, ndiye aliyenibeba mwaka wa kwanza. Sikupata chumba, akanipa nusu ya kitanda chake muhula mzima, futi mbili na nusu, watu wawili, yeye akilala upande wa ukuta ili mimi nisikose hewa. Hapa nitamwita Mheshimiwa, kama tunavyomwita.

Basi Mheshimiwa akanifuata vimbwetani jioni moja na soda mbili. Akasema, "Kaka, ile habari isogeze kidogo, ipite baada ya uchaguzi. Halafu nikishinda, waziri wangu wa habari ni wewe, sitafuti mwingine." Nikanywa soda. Nikasema nitaangalia. Na toleo lile likatoka bila habari ya basi. Niliweka shairi. Nalisema hapa hadharani kwa sababu wengi wenu mlilisifia lile shairi.

Kwa hiyo naingia maktaba kumsoma Enahoro nikiwa na soda ya mtu tumboni.

Alizaliwa Julai 1923 Uromi, kwa Waesan, eneo ambalo leo liko jimbo la Edo. Babu yake mzaa mama, Ogbidi, alikuwa mtawala wa Uromi aliyewakatalia Waingereza, wakamng'oa na kumpeleka uhamishoni. Nadhani mtoto anayekulia na hadithi kama hiyo nyumbani hahitaji kufundishwa siasa shuleni. Akasoma King's College, Lagos, shule ya watoto waliokuwa wakiandaliwa kuwa makarani wakubwa wa serikali. Yeye akaenda kwa Zik.

Zik ni Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, ila kabla ya hapo alikuwa mtu wa magazeti. Alisoma Marekani, akahariri gazeti Accra, huko akashtakiwa kwa uchochezi akatiwa hatiani, akashinda rufaa, akarudi nyumbani na mwaka 1937 akaanzisha West African Pilot mjini Lagos. Baadaye akaongeza magazeti mengine mikoani, na hayo yalikuwa ndiyo chuo kikuu cha vijana wengi wasiokuwa na chuo kikuu. Mwaka 1944 akamkabidhi Enahoro uhariri wa mojawapo, Southern Nigerian Defender. Enahoro alikuwa na miaka 21.

Nilisimama hapo nikahesabu miaka yangu. Nina 22.

Sasa msifikirie uhariri wa wakati ule ni kama wangu mimi wa kubishana na mtu wa wino. Sheria ya uchochezi ya mkoloni ilikuwa pana kiasi kwamba ukimcheka gavana unaweza kwenda ndani, na kijana alikwenda ndani zaidi ya mara moja. Mara mojawapo hakuandika wala kuhutubia. Mwaka 1948 alikuwa mwenyekiti wa mkutano ambapo kijana wa kundi la wafuasi wa Zik, Osita Agwuna, alitoa mhadhara wa kuita watu kwenye mapinduzi. Kwa kukaa tu kwenye kiti cha mwenyekiti akaonja jela. Alihariri pia Daily Comet kule Kano, kaskazini, jambo ambalo baadaye linanifanya nisikitike, mtaona kwa nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akavuka. Akamwacha Zik na kuingia chama cha Action Group cha Obafemi Awolowo, akachaguliwa Baraza la Magharibi, na kutoka huko akapelekwa Baraza la Wawakilishi mjini Lagos. Ndipo tunafika tarehe 31 Machi 1953, siku ambayo jina lake limeandikwa vitabuni.

Vitabu vingi, na hata salamu za rambirambi alipofariki, vinasema yeye ndiye aliyetoa hoja ya uhuru wa Nigeria. Nilipanga kusema hivyo hivyo semina, rahisi, watu wapige makofi. Lakini ukisoma vizuri, hoja ilikuwa hivi: Baraza likubali kuwa lengo la kwanza la siasa ni Nigeria kujitawala mwaka 1956. Na haikupita. Kiongozi wa Kaskazini, Ahmadu Bello, yule Sardauna wa Sokoto, alitaka tarehe iondolewe, iwekwe "mapema iwezekanavyo". Usimwone mwoga. Kaskazini kulikuwa na watu wengi kuliko kwingine kote lakini wasomi wachache sana, na waliona wazi kuwa mkoloni akiondoka baada ya miaka mitatu, kila kiti cha ofisi kitakaliwa na mtu wa Kusini. Wabunge wa Action Group na wa chama cha Zik wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Sardauna akasema kosa la 1914 sasa limeonekana. Mwaka 1914 ndio Waingereza waliunganisha Kaskazini na Kusini wakaita nchi moja.

Wabunge wa Kaskazini walipotoka, watu wa Lagos wakawazomea na kuwatukana. Wakarudi kwao na uchungu huo. Mwezi Mei, Action Group wakapanga ziara ya kwenda Kano kuhubiri hoja yao, na Kano ikalipuka. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 36 waliokufa, katika mji ule ule ambao Enahoro alikuwa amekaa akihariri gazeti. Lazima aliwajua watu pale, muuza magazeti, fundi wa mashine, mwenye nyumba. Hapa nilifunga kitabu nikatoka nje kununua mahindi.

Hata hivyo hoja iliyokwama ilifanya kazi. Mwaka huo huo Waingereza wakaita mkutano London kupanga katiba upya. Magharibi na Mashariki zikapata kujitawala kwa ndani mwaka 1957, Kaskazini 1959, na bendera ikapanda tarehe 1 Oktoba 1960. Miaka minne tu nyuma ya tarehe ya Enahoro. Mtu aliyeambiwa 1953 kwamba ana haraka alikosea kwa miaka minne, siyo mibaya kwa mwanasiasa.

Ukadhani hadithi inaishia na bendera na ving'ora. Mimi ndio kwanza nikanogewa.

Mwaka 1962 Action Group ikapasuka, Awolowo upande mmoja na waziri kiongozi wa Magharibi, Akintola, upande mwingine. Viti vikarushwa bungeni Ibadan, serikali ya shirikisho ikatangaza hali ya hatari, na baadaye Awolowo na wenzake wakashtakiwa kwa kula njama ya kuiangusha serikali. Enahoro akakimbia, akapitia Ghana, akafika Uingereza. Nigeria ikamtaka arudishwe. Akakamatwa London mwishoni mwa 1962 akawekwa gereza la Brixton, na kwa miezi kadhaa Bunge la Uingereza likagombana juu yake.

Sikilizeni utamu wa sheria. Angekuwa amekimbia kutoka nchi ya kigeni, angeweza kujitetea kwamba kosa lake ni la kisiasa, na Waingereza wasingemrudisha. Lakini Nigeria ilikuwa ndani ya Jumuiya ya Madola, kwa hiyo ilitumika sheria ya wahalifu watoro ya mwaka 1881, iliyotungwa ili himaya ihamishe watoro wake kutoka koloni moja hadi jingine kama unavyohamisha kuku banda. Sheria hiyo haikuwa na kinga ya kosa la siasa. Mtu aliyesimama 1953 kudai himaya iondoke, miaka kumi baadaye akafungwa kamba na karatasi ya himaya hiyo hiyo, na safari hii aliyeishika ncha ya kamba alikuwa ni Mnaijeria mwenzake. Waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, Henry Brooke, alishambuliwa hata na baadhi ya watu wa chama chake, lakini Mei 1963 Enahoro akapandishwa ndege. Wakili wa Kiingereza aliyemtaka akazuiwa kuingia Nigeria. Akahukumiwa miaka 15, baadaye ikapunguzwa. Waingereza wakaja kutunga sheria nyingine yenye kinga ile mwaka 1967, wakati yeye ameshatoka.

Kitabu chake, Fugitive Offender, kilichapishwa London mwaka 1965, mwenyewe akiwa bado jela. Nilimhadithia mwenzangu wa chumba, akasema, "Huyo mzee alikuwa na vichwa vya habari kwenye damu."

Hadi hapo nilikuwa nimempenda kupita kiasi. Nilishaanza kujiona, si mnajua ujana. Mhariri, jela, bunge, kitabu. Nikawa najiambia kwamba hata kuwa waziri wa habari wa Mheshimiwa si usaliti, ni njia ile ile, Enahoro naye alivuka. Kwa kweli nililala vizuri usiku ule.

Kesho yake nikafika kwenye vita.

Baada ya mapinduzi ya 1966, Jenerali Gowon aliposhika nchi aliwatoa akina Awolowo na Enahoro gerezani. Mwaka 1967 Enahoro akawa kamishna, yaani waziri, wa habari na kazi. Biafra ikajitenga Mei mwaka huo, vita vikaanza Julai. Kwa hiyo wakati dunia inaona picha za watoto wa Biafra wenye matumbo yaliyovimba na miguu kama vijiti vya kiberiti, kwa sababu chakula hakiingii, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuieleza dunia upande wa serikali alikuwa huyu huyu kijana wa 1944. Zik, mwalimu wake wa uandishi, miaka ya mwanzo alikuwa upande wa Biafra, mpaka 1969 alipohama. Wole Soyinka, mwandishi, alikamatwa 1967 na serikali hiyo hiyo kwa kujaribu kutafuta suluhu, akakaa ndani hadi 1969.

Na sisi tumo humo. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, Mwalimu Nyerere akisema huwezi kuwalazimisha watu kukaa ndani ya umoja usiowalinda. Mwezi uliofuata mazungumzo ya amani yakafanyika Kampala, Obote mwenyeji, na kiongozi wa ujumbe wa Lagos alikuwa Enahoro. Upande wa pili alikaa jaji Louis Mbanefo. Siku chache tu yakavunjika. Bibi mmoja pale maktaba anayepanga vitabu alipoona nasoma habari hizo akaniambia, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunazisikia redioni, tulikuwa wadogo, tukaambiwa tusiache chakula sahani maana Biafra watoto hawana." Akaendelea kupanga vitabu vyake.

Najua mtasema, na mimi nilijisemea: hoja yake ilikuwa umoja wa nchi, si njaa. Alipigania Nigeria moja tangu 1953, asingeweza kuiona ikikatwa. Inawezekana kabisa. Alitoka watu wadogo wa katikati, kati ya Wayoruba na Waigbo, na jeshi la Biafra liliingia kwao mwaka 1967. Mimi siyo hakimu. Lakini kuna jambo linanikaa kooni kama mwiba wa samaki: katika miaka ile, kule Nigeria, nani alikuwa anaruhusiwa kuandika kama yeye alivyoandika akiwa na miaka 21?

Uzee wake nitaupitisha haraka, ingawa unampendeza. Jenerali Babangida alipofuta uchaguzi wa Juni 1993 ambao Moshood Abiola alikuwa anashinda, na Abacha akanyakua nchi Novemba, mzee wa miaka 70 akarudi barabarani. Akawa kiongozi wa NADECO, umoja uliodai matokeo yaheshimiwe. Mwaka 1994 akawekwa kizuizini, mwaka 1996 akakimbilia Marekani, akarudi 2000. Ulinganishe na Lateef Jakande, mhariri wa Nigerian Tribune, aliyefungwa pia kwa tuhuma zile zile za miaka ya 1960, akaja kuwa gavana wa Lagos aliyejenga shule na nyumba za watu wa kawaida. Jakande aliingia baraza la mawaziri la Abacha wakati Enahoro anafungwa na Abacha. Wahariri wawili, jela moja, halafu njia zikaachana hivyo. Na mwaka 2005 Enahoro alikuwa meza moja na Soyinka, yule yule, wakidai wananchi wakae wenyewe kuandika katiba. Alifariki Desemba 2010 Benin City akiwa na miaka 87.

Jumatano nikasimama semina. Nilisema yote, hoja ya 1953 na kwamba haikupita, ndege ya London, Kampala. Dakika zikaisha. Dada mmoja anayekaa nyuma, huwa haongei, akanyoosha mkono: "Alipokuwa waziri wa habari, kuna siku yoyote alitangaza jambo lililoiumiza serikali yake?" Mwalimu akanitazama. Darasa likanitazama. Nikasema sijaliona popote. Akasema asante, akakaa, akaandika kitu.

Nilitoka pale sikwenda kula. Nikaenda moja kwa moja chumbani kwa Mheshimiwa. Kitanda ni kile kile. Nikamwambia kaka, habari ya basi inatoka Ijumaa, na nataka maelezo yako yawemo. Hakupiga kelele, na ingekuwa rahisi kama angepiga. Alikaa kimya, halafu akasema, "Nilikubeba." Nikasema najua. Akasema rambirambi alimpa mfiwa mkononi shilingi 70,000, na zilizobaki alimpa dereva posho na chakula, hakuna risiti kwa sababu nani anadai risiti msibani.

Nikamtafuta mfiwa. Huyo ndiye niliyemwogopa zaidi, kwenda kumkumbusha. Akafikiri kidogo, akasema alipokea 50,000, anakumbuka kwa sababu alizituma kwa mama yake zote. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema siku ile alikuwa hana uhakika na kitu chochote, lakini noti zilikuwa tano za elfu kumi. Akaniruhusu niandike, ila jina lake lisitokee.

Nikaandika hivyo: huyu anasema 70, huyu anasema 50, risiti ipo ya Kosta tu. Sikuandika neno wizi, kwa sababu silijui. Niliandika pia kwamba mhariri aliahidiwa uwaziri na aliichelewesha habari toleo moja. Mwenzangu wa chumba alisema hiyo sentensi niifute, nitajichafua. Nikaiacha.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa na kopi 60 pale mlangoni mwa kafteria, wino bado unanuka. Mtu wa kwanza kufika alikuwa Mheshimiwa. Akachukua moja, akaifungua ukurasa wa pili, akasoma amesimama, foleni ya chai ikimpita. Akanipa shilingi 500. Nikaanza kutafuta chenji mifukoni, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshaondoka.